Safu ya Nane

Klabu imenipa daftari lenye safu saba:
urefu, mbio, mkono wa kushoto,
mrusho wa mbali, pumzi, nidhamu, umri.
Kila safu alama kumi. Jumla sabini.
Nimekalia kreti ya soda, uwanja wa Muyeye, Malindi,
mbele ya ubao uliokuwa bango la hoteli iliyofungwa:
BENVEN, unasema, kisha pete, kisha kutu.

Nyevu Charo ana pointi ishirini na mbili kabla ya alasiri.
Anadunda mpira kama anayetwanga kwa hasira,
anapita katikati ya wawili, anarusha, unaingia,
na vijana wa bodaboda wanapiga honi.
Kocha wa Nakuru yuko pale na shati lake la kola,
anaandika mpaka kalamu inatoboa karatasi.
Mwache aandike.

Mimi namtazama yule mwingine,
Mwanatumu, nambari kumi na nne iliyoshonwa kwa mkono,
ile nne imekaa upande kama imelewa.
Ana pointi nne. Mfupi. Kushoto hana.
Lakini itazame shingo yake:
kabla mpira haujamfikia amekwisha geuka mara mbili,
kulia, kushoto, kama mtu avukaye barabara ya Lamu
na mtoto mgongoni.
Pasi yake haimfuati mwenzake alipo,
inamsubiri anakokwenda.
Na akipoteza mpira (amepoteza mitano, nimehesabu)
hamtazami refa, hashiki kiuno,
yuko nyuma tayari, analinda pete,
amefika kabla ya aibu yake.

Safu ya hilo haipo.

Hesabu ya mchujo ni hii: sisi ni wa tatu kuchagua.
Wa kwanza watataka mrefu, maana kila mwaka wanataka mrefu
na kila mwaka wanashika mkia.
Wa pili ni huyu mwenye kola, naye kwa Nyevu amekufa ameoza.
Nikipiga makofi, nikiinuka tu kwenye kreti,
atageuza kichwa aone ninachokiona.
Wahenga walisema kizuri chajiuza.
Hawakuwahi kungoja zamu ya tatu.

Kocha Mkala alinionya kwa simu:
"Gadi mdogo ni embe la mapema.
Mvumbika changa hula mbovu. Niletee aliyeiva."
Kocha, kwa miaka kumi na tisa nani ameiva?
Mimi nilipimwa Mombasa kwa penseli, umri huohuo.
Mtu aliandika "mfupi", akapiga mstari chini yake,
akaenda kunywa chai.
Goti lilikuja kuvunjika baadaye. Halikuniuma kama mstari ule.

Basi nikaandika uongo.
Mwanatumu: mbio tatu, pumzi tatu, jumla ishirini na sita,
na daftari nikaliacha wazi juu ya kreti
nilipokwenda kununua maji,
chambo kwa jicho la mwenye kola.
Mbinu ni mbinu. Mkala angenisifu.

Niliporudi, si yeye aliyekuwa ameinama pale.
Nambari kumi na nne, jasho likidondokea safu,
wino wa ile sita umeanza kutanda.
Hakulia. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:
"Ishirini na sita katika ngapi?"
Upepo ulileta harufu ya tope la Sabaki.
Mwenye kola alikuwa hatua kumi tu, masikio wima.

"Sabini," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akafunga kamba za kiatu.
Robo ya nne akarudi uwanjani,
na kabla ya kupokea mpira wa kwanza
akageuka: kulia,
kushoto,
kisha kwangu.

Usiku, gesti, taa inakatika na kurudi.
Nachora safu ya nane. Rula sina, imepinda.
Jina la kwanza ninaloandika humo ni langu.
Mchujo ni Ijumaa. Leo Jumatatu.