Funguo za Chemba

Kwemdimu kuna chemba thelathini na moja
na funguo zake ninazo mimi.
Si funguo hasa. Ni kulabu ya nondo
aliyonikunjia fundi Sekibaha
siku mradi ulipokabidhiwa, watu wakapiga makofi,
kisha wakatazamana: nani ataishika kazi ile?
Nikaishika.

Alfajiri, umande ukiwa bado kwenye mkonge,
nainua vifuniko, kimoja kimoja.
Maji hayabishi hodi. Yanaingia na habari zake.

Chemba ya kwanza, povu la buluu: mwalimu kafua usiku,
ana safari ya Muheza.
Ya nne, mafuta ya samli, na leo si sikukuu.
Kuna posa imeletwa, hawajatangaza.
Ya tisa, maji ya hina.
Ya kumi na mbili sisemi.
Wenyewe wanajua kuwa sisemi,
ndiyo maana vitambaa wanavitupia humo,
nami navivuta kwa mkono, navizika,
nanawa kwa majivu na ndimu.

Nimeopoa kijiko, kandambili ya mtoto,
na meno ya bandia ya Mzee Mntambo.
Nilimrudishia yamefungwa gazetini.
Alishukuru akitazama pembeni.
Tangu hapo akiniona harusini
huhama mkeka.

Mavi ya kale hayanuki, walisema wahenga.
Wahenga hao hawakushika kulabu.

Chini ya shule ndipo yanapoanza matete.
Hapo sina kazi kubwa.
Kokoto zinashika, mizizi inakunywa,
maji yanakwenda kama mtu aliyetoka kulazwa,
hatua, pumzi, hatua,
na yakitokea upande wa migombani
hayakumbuki tena yalikuwa ya nani.
Nayakinga kwa chupa ya jamu, nainyanyua juani.
Nikikiona kidole changu ng'ambo ya kioo
naandika kwenye daftari: Meupe.
Kereng'ende wanataga bila kusubiri niandike.

Juma lililopita chemba ya kumi na saba ilikuwa kavu.
Ni ya Bi Mwanjaa, mtu wa sufuria moja, sahani moja.
Kila siku maji yake ni yale yale:
majivu, makapi ya chai,
kikombe na nusu, hayazidi.
Siku ya kwanza nikasema, labda kafunga.
Siku ya pili buibui alikuwa ameshatega
toka mdomo wa bomba hadi ukutani.
Nikaiacha kulabu hapo hapo, kifuniko wazi.

Nilimkuta nyuma ya mlango, nyonga imevunjika,
midomo imepasuka kwa kiu.
"Nani kakwambia?" akauliza.
Nilikuwa naloweka upindo wa kanga, nimnyonyeshe maji.
Sikumjibu.

Walimbeba kwa kitanda cha kamba hadi barabarani.
Watu walisema ni Mungu. Nami nasema ni Mungu.
Mwanawe alipofika kutoka Tanga mjini
alinipa mkono, akanishukuru mpaka sauti ikakatika,
kisha akageuka, akaunusa mkono wake.
Alidhani simwoni.

Bado yuko Bombo, mguu umening'inizwa na mawe.
Na mimi kila alfajiri naifikia ile ya kumi na saba.
Namtoa buibui, namweka kwenye jani.
Kisha namimina maji, kikombe na nusu,
bomba lisije likasahau njia.