Weusi ni Maji

Saa tisa usiku, Wete, umeme umerudi.
Feni inazunguka kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu.
Nafungua buku, ukurasa wa mia mbili na kumi na nne,
ule wenye duara la kikombe changu cha chai.
Zimebaki siku kumi na tisa.

Nakariri kwa sauti ndogo, mtoto asiamke:
weusi ni maji,
weupe ni jiwe, au mfupa, au hewa inayokudanganya,
kijivu ni nyama,
na kijivu nacho kina makabila yake,
ini, wengu, figo, kila kiungo na kijivu chake,
kama ukoo mmoja wenye sura zisizolingana.
Kongosho pekee haijionyeshi.
Hujibanza nyuma ya utumbo wenye gesi
mithili ya mwenye deni aliyesikia hodi.

Miaka kumi na moja napiga picha.
Vifua, viuno, mikono ya watoto walioanguka skuli.
"Usipumue." "Pumua."
Maneno hayo nimewaambia watu
kuliko nilivyowaamkia.
Sasa wanataka cheti cha juu:
masuali mia na hamsini, saa tatu,
chumba chenye baridi huko Mjini,
kila suali na majibu manne.
Mimi natafuta jibu la tano, silioni:
jenereta limeisha mafuta,
jeli ni hii iliyobaki chini ya chupa,
mgonjwa kabebwa kwa baskeli kutoka Konde
na mkewe anauliza kama picha inauma.

Bi Mize, anayepiga deki kwetu,
ndiye mwalimu wangu wa vitendo.
Akimaliza korido huja akajilaza,
akanambia, haya, nisome.
Chupa ya jeli naiweka kwanza kwenye bakuli la maji moto,
maana ikiwa baridi hunitukana.
Nasoma. Ini. Mshipa mkuu, unapwita.
Nyongo imesinyaa, kwa kuwa keshakunywa uji
na nilimkataza.
"Mna nini humo?"
"Figo mbili, Bi Mize. Za kawaida."
"Za kawaida!"
Anacheka hadi picha inatikisika.
Miaka thelathini ya ndoo,
eti za kawaida.

Huu ni msimu wa karafuu.
Majamvi yametanda kando ya barabara
na wodi ya wanaume haina kitanda,
kwa sababu tawi la mkarafuu halikuagi kabla ya kuvunjika.
Jumapili wakamleta Makame Faki, miaka kumi na tisa,
wenzake wamembeba juu ya mlango.
Anasema haumwi. Anasema anataka kwenda kwao.
Shati lake linanuka karafuu mbichi.
Nikaweka mkono wa mashine ubavuni, kulia,
baina ya ini na figo,
mahali pasipotakiwa kuwa na kitu,
na pale pakawa na mstari
mwembamba kama wanja.

Mweusi.

Sikukumbuka ukurasa. Sikukumbuka a, wala b.
Nilimwita daktari kwa jina lake la utotoni,
tulisoma skuli moja,
akaja mbio na kiatu kimoja.

Makame yu hai.
Wengu umetolewa, yeye kabaki analalamikia uji.

Jana nilijipima kwa saa ya mezani.
Suali la themanini na mbili, la mazoezi tu,
wameweka picha yenye mstari uleule.
Jibu nalijua, hata mtoto wangu angelijua.
Lakini nilikaa nikiutazama,
nikitafuta pembeni mwa picha
shati, mlango, wale waliombeba,
na kengele ikalia
masuali sitini na nane hayajaguswa.

Nafunga buku. Nalifungua tena.
Weusi ni maji.
Bi Mize kaapa kesho hatakunywa uji.