Saba Iliyoinama

Kwanza msasa mkavu, kisha wa maji.
Nyekundu ilitoka, ya seremala wa Wobulenzi,
chini yake nyeusi ya padri,
chini yake kijani cha jeshi, kigumu kama ukoko wa sufuria,
na juu ya kijani, ubavuni mwa tangi,
nyeupe iliyochujuka: C, nne, saba, tatu,
halafu kutu,
halafu mbili, moja, saba.

Abdulrahimu akazima redio.

Mimi ni mwandishi wa mabango hapa Bombo.
Kinyozi, duka la dawa, Usikojoe Hapa,
namba za vizibao vya bodaboda, elfu mbili kila kimoja.
Sijawahi kuulizwa namba ilikuwa nini zamani.
Kwa kutu ile ungesema tatu, ungesema nane;
tatu ni nane iliyoachwa mlango wazi.
"Hatubahatishi," akasema.
Wiki mbili tangi likalala ndani ya gunia.

Jibu lilitoka kikapuni mwa shangazi yake Mastula,
katikati ya kadi za chanjo na risiti za ada:
karatasi ya adhabu, mwaka wa arobaini na tatu.
Zikatwe shilingi tatu kwenye mshahara wa tarishi
aliyebonyeza tangi akikwepa ng'ombe njia ya Kampala.
Namba ya pikipiki imepigwa chapa, tarakimu zote saba,
haikosi hata moja. Nane.
Jina la mpanda: Fadi Mla.

Fadimula, mwana wa Rehani,
aliyezijua kona zote hadi Gulu
usiku, taa imefunikwa kwa kitambaa,
Fadi Mla.
Mla nini, karani hakusema.

Nikauliza: na jina je? Nafasi ipo, chini ya tandiko.
Abdulrahimu akatikisa kichwa. "Halikuwepo.
Tunarudisha kilichokuwepo."

Basi nikarudisha.
Stensili niliikataa; yule wa kwanza hakuwa nayo.
Alikuwa na brashi mbovu, na haraka,
labda na mkubwa wake amesimama nyuma.
Mgongo wa mbili yake umekakamaa,
na ile saba ya mwisho imeinama mbele
kama mtu anayeingia nyumba ya mlango mfupi,
tone la rangi likining'inia mguuni.
Nilibana pumzi, nikaiinamisha saba yangu.
Tone nilikuwa nimelijaribu juu ya bati mara kumi na moja.
Likija nene, linaanguka. Likija jembamba, linasema uongo.
Miaka ishirini nimelipwa ili nisikosee;
kukosea kama mtu mwingine kuna kazi yake.

Shangazi Mastula akaja na chai ya tangawizi.
Macho yake yana ukungu siku hizi,
vitu vingi anavisoma kwa vidole.
"Baba yuko wapi hapa?"
Kabla hatujamwambia rangi ni mbichi
kidole gumba kilishafika,
kikairuka nane iliyotusumbua kiasi kile,
kikatua chini ya saba.

Alama ya mistari myembamba, nusu mwezi,
kama zile za madaftari ya mishahara,
za waliopokea bila kuandika.

"Hiyo haikuwepo," akasema Abdulrahimu,
mkono ameunyoosha apewe kitambaa.

Kitambaa kilikuwa begani kwangu.
Nikapokea chai.