Kielelezo cha Arobaini na Moja

Mama hupiga simu Jumapili kutoka soko la Pärnu.
Nasikia karatasi ikifungia samaki wa moshi.
"Huo uzamili wako," huuliza, "bado tu unazama?"
Hucheka peke yake. Mwaka wa pili sasa, mzaha ni uleule.
"Na dhahabu je?"

Hakuna dhahabu, Mama. Kuna ndoo.
Kuna ghala baridi nyuma ya bandari ya Tallinn,
matangi kumi na moja, na ndani ya maji
meli iliyofumuliwa ubao kwa ubao
kama koti la marehemu linalopekuliwa mifuko.

Kila Jumatatu nabadilisha maji.
Mbao zikikauka zitasinyaa, zitapasuka,
basi kilichozama tunakiokoa
kwa kukizamisha tena.

Bahari yetu ina chumvi haba,
funza wala-mbao hawaiwezi.
Ndiyo maana mwaloni wa miaka mia sita
ukiukwaruza kidogo
bado unanukia seremala.

Septemba nilipiga mbizi. Leelo alishika kamba,
mimi nilishika utepe wa kupimia.
Kiganja changu mwenyewe sikukiona.
Niliandika kwa penseli kwenye kibao cha plastiki:
*taruma la saba, sentimita ishirini na nne.*
Nilipoibuka, midomo imekufa ganzi,
tukakuta mataruma matatu, yote ya saba.
Leelo hakucheka. Aliandika pembeni: *kurudia.*

Tukarudia.

Januari, ubao wa mia moja na kumi na mbili.
Kalafati: nywele za ng'ombe, lami.
Na katika lami, pale mshono unapokutana na mkuku,
dole gumba.
Mistari yake imejizungusha
kama pete za mti ulioshikilia.
Juu yake kovu, mkato mmoja wa mshazari.

Usiku ule niliandika kurasa nne.
Daktari Urve alizirudisha na wino mwekundu.
Nilipoandika *alikuwa na haraka*, aliuliza: Wajuaje?
Nilipoandika *aliungua*, aliuliza: Alikwambia?

Sijui. Najua lami ilikuwa laini.
Najua mti ulikatwa majira ya baridi,
pete ya mwisho imefungwa, machipuko hayajaanza.
Najua upana: milimita kumi na nne.

Hapo akavua miwani.
"Kumi na nne?"
Akasogeza dole lake juu ya tangi, bila kugusa,
kivuli chake kikaifunika alama, kikabaki.
Akasogeza langu. Kikabaki.
"Pima tena," alisema, sauti yake si ile ya wino.

Nilipima mara sita.
"Mtoto," akasema, "au mtu mzima mwenye mkono mdogo.
Andika yote mawili. Usichague unayempenda."

Nimeandika yote mawili.
Kielelezo cha 41, mstari mmoja chini yake, kipimo, tarehe.
Nimechagua, lakini hilo halimo kwenye tasnifu.

Jumapili simu ikalia.
"Umepata dhahabu?"
"Nimepata mtoto, Mama."
Karatasi ikanyamaza. Soko zima likanyamaza.
Kisha, polepole, kama mtu anayeshika ukuta gizani:
"Wa nani?"

Hilo hasa, Mama.
Sura ya tano yote
ni swali hilo.