Wa Tisa

Daftari nilipewa Jumatatu, na kalamu mbili,
na kipimajoto cha umbo la bastola, betri zake zimechoka:
kila paji lilisoma thelathini na tano nukta nane,
dereva, mwalimu, mtoto mchanga, hata jiwe
nililolipima siku ya mvua, kwa uchovu tu.

Kizuizi kilikuwa mapipa mawili na gogo la mkaratusi,
hapa Maseno, hatua chache kutoka bango la ikweta.
Huku kaunti yetu, kule kaunti ya wenzetu.
Korona, tuliambiwa, itasimama hapa ionyeshe kibali.

Sheria ilikuwa fupi: viti kumi na vinne, watu wanane.
Bwana Ogwang' wa idara ya uchukuzi
alichora misalaba ya chokaa vitini kwa mkono wake,
akasema: Hesabuni vichwa. Vichwa havidanganyi.

Nikahesabu.
La saa mbili kutoka Luanda, nane.
La Busia, nane. La Siaya lenye kioo cha gundi, nane.
Majina, simu, watokako, waendako,
kwa mwandiko wangu wa shule.

Lakini kila gari lilipunguza mwendo kwenye kona,
penye kibanda cha mitumba kilichofungwa,
mlango ukafunguka kidogo, mtu akashuka.
Akaja kwa miguu, polepole, kama aendaye kwa jirani kuomba chumvi.
Habari za kazi, mama.
Nzuri.
Akapanda tena kule mbele, nyuma ya kinu cha unga.

Nilijua. Usiniulize kama nilijua.
Nauli ilikuwa imepanda mara mbili, na wa tisa
alilipa nusu, kwa kuwa kiti chake hakikuwepo.
Sikupokea hata shilingi kwa makanga Kevogo,
liandikwe hilo. Nilichopokea ni salamu.

Ijumaa, wa tisa alikuwa Filgona, fundi cherehani,
kitambaa begani, mkasi ndani ya gazeti.
Alisimama mita moja unusu kutoka kwangu, kamili,
kuliko wote waliokuwa garini alitii yeye.
Barakoa yako imelegea, akasema,
na Ijumaa iliyofuata akaniletea ya kitenge,
buluu, yenye vifungo badala ya mpira.
Nilimshukuru. Sikuandika.

Kamati ya bunge la kaunti ilikuja na magari matatu,
kila gari na mheshimiwa mmoja.
Wakafunua daftari. Utiifu, wakasema, ni asilimia mia.
Tukapigwa picha, tumeachana vizuri,
tangi la kunawia mikono nyuma yetu.
Halikuwa na maji, lakini picha haina kiu.

Halafu Julai.
Vijana wawili wa afya ya umma,
jina moja kwenye karatasi.
Alisafiri lini? Gari gani? Aliketi na nani?
Yuko Kisumu, wadini, hawezi kusema.

Nikafunua Ijumaa ya tarehe tatu. Nane.
Ijumaa ya tarehe kumi. Nane.
Wakapitisha kidole toka juu hadi chini,
kisha toka chini hadi juu,
kama atafutaye uzi uliokatika ndani ya pindo.
Hayumo, wakasema. Labda hakusafiri.

Na wale walioketi naye goti kwa goti
baada ya kinu cha unga,
wamelala nyumba gani, wanachovya ugali sahani moja na nani,
daftari langu halijui. Daftari langu ni safi.

Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa tayari,
nyuma ya kitenge cha buluu, vifungo viwili.
Bwana Ogwang' alikuwa akitazama saa; kafyu inakaribia.

Gari la mwisho likafika. Nikainama dirishani, nane.
Nyuma yangu, kwenye lami, viatu vikija polepole.
Habari za kazi, mama.

Nikageuza daftari hadi jalada la nyuma,
upande usio na mistari.
Jina lako nani?

Akatazama gari. Akatazama kalamu.