Futi Kamba

Nilifika Buruburu saa tatu na robo
na fomu, kalamu mbili, na futi kamba ya mita thelathini
ambayo kampuni ilininunulia, kisha ikanikata kwenye mshahara.
Benki inataka kujua nyumba ina thamani gani
kabla dalali hajajua.

Bi Kerubo alikuwa akishona sare za shule.
Hakuinuka. Mguu ulimaliza mshono kwanza,
ndipo akasema: Karibu. Vua viatu, nimepiga deki.

Nikapima sebule, nikisoma kwa sauti, ndiyo desturi yetu:
nne nukta mbili kwa tatu nukta nane.
Nikapima jikoni. Nikapima chumba cha nyuma
alichokiongeza mwenyewe, mwaka ule
riba ilipokuwa mtoto mpole wa asilimia kumi na mbili.
"Leo ni kumi na tisa," alisema, pini mdomoni,
"na sijakopa hata shilingi ya pili.
Mimi nimekonda, riba imenenepa.
Tunakula sahani moja."

Barua za benki anaziweka kwenye mkebe wa biskuti.
Ya kwanza inaanza: Mteja Wetu Mpendwa.
Ya tano inaanza: Mteja.
Ya tisa haina salamu. Inasema: Siku Tisini.

Aliwaandikia Benki Kuu, kurasa mbili, kwa mkono,
akauliza ni nani anayemchunga mchungaji.
Jibu lilichukua miezi minne kuvuka mji:
Tumepokea barua yako. Suala lako linashughulikiwa.
Akaupapasa muhuri kwa kidole chenye kastabini.
"Wino mzuri," akasema. "Haujachuja."

Redioni waziri alikuwa akisoma bajeti
kwa sauti ya mtu aliyekwisha kunywa chai.
Alipofika kwenye tozo ya nyumba
Bi Kerubo alikata uzi kwa meno.

"Mwanangu Ombati hukatwa hiyo, kule kiwandani Athi River.
Kinachobaki hunitumia nilipie hii.
Yaani mshahara mmoja
unajenga nyumba tusiyoijua
na kuikosa hii tunayoifagia.
Sikiliza, kijana. Mimi nikikata kitambaa cha mtu
vipande namrudishia, hata viwe vya kufutia kalamu.
Hawa wakikata, vipande huenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Simu ilitetemeka mfukoni:
benki yangu mimi, siku kumi na mbili za kuchelewa.
Nikaikandamiza kama mtu anayeziba mtoto mdomo kanisani.

Fomu ina nafasi mbili.
Thamani ya soko.
Thamani ya mauzo ya lazima.
Kuta zile zile, mabati yale yale,
ila ya pili ni bei ya mtu aliyekabwa shati.
Mlokwati ulioinamia ukuta, wenye matunda ya kuokotwa na watoto wa jirani,
niliuandika kama tulivyofundishwa:
bustani, ya kawaida.

Saa kumi na moja, nikiwa ofisini Ngara, akanipigia.
Nilidhani analia. Nilikuwa nimeandaa maneno.

"Chumba cha nyuma umekosea.
Ulisema mita tatu. Nimepima na utepe wangu, mara mbili.
Ni tatu na sentimita kumi na nne.
Mimi nikikosea hivyo
mtoto wa watu huenda shule suruali imembana.
Rekebisha."
Akakata simu. Nyuma yake cherehani ilikuwa imeanza tena.

Nikafungua faili.
Kwa bei yao, ni kitu cha kupotelea kwenye kukadiria,
dalali hatakiona, na mnunuzi atapanga kabati juu yake.
Niliweka kiganja mezani, nikakitanua:
sentimita kumi na nne, haifiki hata shibiri.

Ni zake.
Nikaziandika.