Tikisa

Kwenye dirisha la dawa, Moshi mjini,
nilisema nimesahau miwani.
Sina miwani. Sijawahi kuwa nayo.
Mwenye dawa akaandika juu ya chupa, mbiombio,
nami nikaitikia "sawa, dada" mara tatu.

Mimi ni fundi wa vitanda, Pasua.
Nusu inchi naijua hata gizani.
Lakini ile 2.5 ya kwenye chupa,
nukta yake nilidhani kinyesi cha inzi,
nikaifuta kwa kidole gumba. Haikufutika.

Usiku Elinami anaungua, umeme umekatika.
Haika, wa chekechea, akatoka shukani,
akaweka kidole kwenye lebo
chini ya tochi ya simu:
ti...
ki...
sa.
"Baba, inasema tikisa."
Akaitikisa kwa mikono miwili mpaka povu.
Zaidi ya hapo hakuweza. Wala mimi.
Tukakaa, wanafunzi wawili wa darasa moja,
tukimkanda mdogo wake kwa kitambaa cha maji.

Alfajiri nikarudi dirishani, mtoto mgongoni.
"Dada, sina miwani. Sijui kusoma."
Hakucheka. Akachukua bomba lisilo na sindano,
akalipiga mstari kwa rangi yake ya kucha:
"Mpaka hapa. Asubuhi, na jua likizama."

Mstari! Si ungeniambia jana?

Elinami sasa anatambaa kwenye maranda.
Haika ameandika neno lake kwa chaki
kila ubao wa karakana;
juzi mteja aliniuliza, uso kaukunja,
kama kitanda changu kinatikisika.